Tupeane uzoefu: mliwafikishaje watoto wetu wa ughaibuni kwenye ngoma, kwaya na maigizo?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Louisville, Kentucky. Wakongo na Warundi tumejaa hapa, lakini watoto wengi ngoma wanaiona kwenye simu tu. Tiketi za bure za maonyesho zinatolewa, viti vinabaki vitupu. Naomba waliofanikiwa watueleze.

Naanza mimi. Vipeperushi vilikaa shuleni, hakuna aliyevigusa. Kisha mama mmoja wa kwaya akatangaza baada ya ibada na kutuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp, kwa kuwa wazazi wengine hawasomi Kiingereza. Alitaja saa ya kuondoka, nani anaendesha, na kwamba watoto watarudi kabla ya wazazi kuingia zamu ya usiku. Basi dogo la kanisa likajaa. Wazazi wanamwamini huyo mama, ndiye anayewazungukia wakiwa na msiba.

Mdau wa Portland, Maine:
Sisi Warundi tulianzia kwenye sherehe za harusi. Wazee wanapiga, watoto wanajisogeza. Mwenyekiti wa jumuiya akaomba ukumbi wa shule, na wanaojitolea wakakubali kuchunguzwa rekodi zao polisi, maana hapa bila hivyo hukabidhiwi mtoto wa mtu. Wanajifunza kwanza kushika mdundo usiokatika wa ngoma ziitwazo amashakwe, halafu kumfuata anayepiga inkiranya, ngoma ya katikati. Ngoma hizi UNESCO walizitambua mwaka 2014. Nyumbani Burundi, amri ya 2017 iliwazuia wanawake kuzipiga. Binti yangu anazipiga hapa. Bibi yake alipoona video alinyamaza kwanza, kisha akaomba atumiwe nyingine. Nilifurahi mno.

Mdau wa London:
Kwetu Wabarawa, watu wa mji wa Barawa kule Somalia, mlango ni madrasa ya Jumamosi. Ukimwambia mzazi "dansi" hakusikilizi. Ukimwambia kaswida na dufu, analeta watoto wote. Wakishazoea kusimama mbele za watu, ustadhi mwenyewe ndiye aliyeomba waigize hadithi za Abunuwasi. Nawashauri sana: mshirikisheni ustadhi au mchungaji tangu siku ya kupanga, msimpelekee ratiba iliyokwisha pangwa.

Mdau wa Iowa:
Huku wazazi wako viwanda vya nyama, zamu hazifanani. Tumegawana kwa majengo: kila jengo lina mama mmoja wa kukusanya watoto. Na chakula kiwepo. Basi.

Mleta mada:
Asanteni sana. Dada wa Portland, ngoma mlizipata wapi? Za kununua bei haishikiki.

Mdau wa Portland:
Nyumbani zinachongwa kwenye gogo la mti uitwao umuvugangoma. Huku mzee wetu seremala alitumia mapipa ya mbao, ngozi ya ng'ombe tukaomba kwa mfugaji. Iloweke hadi ilainike ndipo uiwambe, na uiache ikauke kivulini, juani inapasuka. Nitakuunganisha naye, anapenda kufundisha.