Muswada wangu umerudishwa mara ya nne kwa sababu ya nukta na mabano, na bado hakuna aliyeusoma

Wakuu, habari za usiku huu.

Naandika nikiwa na hasira, mniwie radhi mapema nikiongea kwa ukali. Leo alasiri nimetoka wodi ya wazazi, nafungua imeili, nakuta jarida limenirudishia muswada kwa mara ya nne. Huu ni mwezi wa tano. Haujafika kwa mhakiki hata mmoja. Hakuna daktari mwenzangu aliyeniambia takwimu zangu zina kasoro au hitimisho langu halina mashiko. Unakwama mlangoni, kwa wale wanaokagua kabla ya mhariri, na sababu ni ile ile kila mara: marejeo, yaani orodha ya vyanzo nilivyonukuu, hayajafuata mtindo wa jarida.

Kazi yenyewe inahusu kifafa cha mimba. Tulipitia mafaili ya wajawazito katika hospitali ya mkoa, tukaangalia ni wangapi walipata magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa hicho, kwa dozi kamili na kwa wakati, na nini kiliwapata wale waliocheleweshewa. Ndani ya zile takwimu wamo kina mama waliofariki. Mmoja nilimfumba macho kwa mkono wangu. Kwa hiyo mtu akiniambia nisubiri wiki tatu nyingine kwa sababu ya nukta, siwezi kulichukulia jambo hilo kwa wepesi.

Safari ya kwanza niliweka namba za marejeo ndani ya mabano. Wao wanataka namba ndogo juu ya mstari, tena ikae baada ya nukta. Sawa, nikarekebisha. Safari ya pili ikawa idadi ya waandishi. Mwongozo wao unasema orodhesha majina sita ndipo uandike et al. (yaani "na wenzake"); mfano waliouweka chini ya maelezo hayo hayo una majina matatu. Nikafuata maelezo, wakanirudishia. Nikawaandikia kwa heshima kuuliza nifuate kipi. Nikajibiwa kwa ile barua ya mashine: tafadhali soma mwongozo wa waandishi.

Safari ya tatu ndiyo iliyonichosha. Nguzo ya kazi yangu ni utafiti wa Magpie uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2002: wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na ndio ulioonesha kwamba magnesiamu salfeti inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Mwandishi wake ni kundi, Magpie Trial Collaborative Group. Zotero, programu ninayopangia marejeo, ikalisoma kama jina la mtu: neno la mwisho likawa ukoo, yaliyobaki yakawa herufi za mwanzo, ikatoka "Group MTC". Wizara ya Afya nayo ikageuzwa mtu mwenye herufi mbili. Kosa hilo ni langu, nalikubali, nilipaswa kuliona. (Kwa anayetumia Zotero: pembeni ya jina la mwandishi kuna kitufe kidogo kinachounganisha sehemu mbili za jina kuwa moja. Kibonyeze kwa kila taasisi na kila kundi, utajiokoa.) Lakini kwenye rejeo hilo hilo wakalalamikia pia kurasa. Nilikuwa nimeandika 1877-90, kama mtindo wa marejeo uitwao Vancouver unavyotaka, tarakimu zinazojirudia zinaachwa. Wao wakataka 1877-1890, ambao ni mtindo wa chama cha madaktari wa Marekani. Jarida lao linatangaza kwamba linafuata Vancouver!

Na hapa ndipo hasira yangu inapotokea. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana mjini Vancouver, Kanada, ili mtafiti aandae muswada wake kwa namna moja na upokelewe na majarida mengi. Masharti yao yakachapishwa mwaka 1979, upande wa marejeo ukifuata muundo wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Kundi lile ndilo leo linaitwa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Yaani jambo hili lilishaonekana ni kero na likatafutiwa dawa kabla mimi sijazaliwa. Leo kila jarida linasema linafuata Vancouver, halafu linaongeza la kwake: huku jina la jarida lifupishwe, kule liandikwe zima, huku mwezi uwepo, kule mwaka tu.

Anayeumia ni nani? Kwenye vyuo vyenye fedha kuna mtu wa maktaba au msaidizi wa utafiti wa kufanya haya. Mimi nafanya baada ya zamu, kwa bando langu. Profesa wangu, mzee ninayemheshimu sana, alifungua faili kwenye simu akarekebisha aya mbili, akalihifadhi, na viunganishi vyote vya programu vikakatika. Marejeo 47 yakabaki maandishi makavu. Ukiongeza moja ukurasa wa kwanza, unahesabu upya zote kwa mkono.

Sasa sikilizeni hili. Usiku mmoja nikikagua kurasa za rejeo namba 22, nikaona niifungue makala yenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba watafiti wale walitoa dawa kwa saa 12 baada ya kujifungua. Makala inasema 24. Nilikuwa nimelichukua hilo kutoka kwenye makala ya mtu mwingine bila kuangalia chanzo. Nilitetemeka. Kosa linalogusa dozi ya dawa lilipita mezani kwao mara mbili, kwa sababu nukta zake zilikuwa mahali pake.

Madhara ya kunukuu bila kufungua chanzo yanajulikana. Mwaka 1980 Porter na Jick waliandika barua ya sentensi tano kwenye New England Journal of Medicine: kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za jamii ya afyuni wakiwa hospitalini, walikuta wanne tu waliopata uraibu. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulikuta barua hiyo imenukuliwa mara 608, na zaidi ya asilimia 80 ya walionukuu hawakutaja kwamba wale walikuwa wagonjwa waliolazwa. Watu wakaaminishwa dawa hizo hazina hatari kwa mgonjwa anayekunywa nyumbani, na Marekani imezika watu wengi. ICMJE wenyewe wanamtaka mwandishi alinganishe rejeo na chanzo chake na ahakikishe makala haijaondolewa. Hilo mimi sijaulizwa hata mara moja.

Ninachodai ni hiki. Pokeeni muswada kwa mtindo wowote ilimradi ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, usomwe, ukikubaliwa ndipo mniambie nipange nukta. Yapo majarida yanayofanya hivyo tayari na hayajafa. Na muda mnaotumia kuhesabu majina, fungueni hata marejeo matano mwone kama yanasema tulichoandika.

Nimepewa siku saba. Safari hii wanataka DOI, ile namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, kwa kila rejeo, na miongozo ya Wizara niliyonukuu haina. Mwenye uzoefu wa kuandika hati za serikali kwa namna ambayo hawa wameipokea, anisaidie hapa hapa ili na wengine waone. Nimebakiza marejeo 19.