CT ya figo ya kuchomwa dawa: nimpeleke mama au nisimpeleke?

Mchanga_wa_Pwani: Heshima kwenu wakuu. Mama ana miaka 61. Ultrasaundi imeonyesha vitu kwenye figo zote mbili. Sasa daktari anataka CT ya tumbo, ile picha ya mashine ya mionzi, ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha. Nasikia hiyo dawa inaua figo. Haiwezekani bila dawa? Siku ya tatu sijalala.

Dereva_Tata: Pole mkuu. Baba mdogo alichomwa hiyo. Anasema alisikia moto mwili mzima, akadhani kajikojolea kumbe wapi. Yupo Mbagala, anakula ugali kama kawa.

Mama_Ubani: Figo ni maji, mwanangu. Nyie soda kutwa.

Mtu_wa_Mionzi: Kreatinini ngapi, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo? Anameza metformini ya sukari? Na daktari anahisi nini? CT haiombwi hivi hivi.

Mchanga_wa_Pwani: Kreatinini 84. Sukari hana. Anahisi uvimbe tu.

Mtu_wa_Mionzi: Uvimbe wa nini? Alishawahi kuugua saratani?

Mchanga_wa_Pwani: Mwaka juzi alikatwa kidole gumba cha mguu. Kulikuwa na mstari mweusi chini ya ukucha, tukajua kajikwaa. Majibu yakaja melanoma, saratani ya ngozi. Ila kilikatwa chote, kidonda kikakauka, sikuona haja ya kulisema. Hata huyu daktari hajui.

Mtu_wa_Mionzi: Mkuu, ungeanza na hilo! Melanoma ikifika kwenye figo mara nyingi ni vivimbe vidogo vidogo, vingi, huku na huku, na mgonjwa hasikii kitu. Bila dawa vinafanana na nyama ya figo, picha inatoka safi wakati vimo. Kwa kreatinini hiyo, dawa isikutishe. PET, ile picha ya kuchomwa sukari yenye mionzi ili saratani iwake, nayo ina lake: hiyo sukari hutoka kwa mkojo, figo zinawaka zenyewe, vivimbe vinajificha humo.

Mzee_wa_Pweza: Melanoma si ndiyo iliyomuua Bob Marley? Ilianzia kidoleni, 1981, ana miaka 36. Nilikuwa na kaseti zake nne, zikaibwa Kariakoo na begi lake.

Mchanga_wa_Pwani: Nimekuelewa, ila mtaalamu wa mitishamba nimeshamlipa nusu, 80,000, dozi ya siku 21. Amalize kwanza. Sijasema nakataa hospitali.

Kiberiti_Kimoja: Hii chai. Mwezi wa pili huyu huyu alikuwa anauza Vitz ya "marehemu mama". Leo mama kafufuka na figo.

Mama_Ubani: Ee! Na mimi nilishamwombea!

Dereva_Tata: Tuma picha ya fomu.

Mchanga_wa_Pwani: Yule alikuwa mama mkubwa, ndiye aliyenilea. Fomu ninayo hapa: kesho saa mbili asubuhi, asile kuanzia saa kumi alfajiri. Chai ya rangi nayo ni chakula?

Mtu_wa_Mionzi: Chai aisubiri. Kwa hiyo mnaenda. Beba na majibu ya kile kidole.

Mchanga_wa_Pwani: Yako kwa mtaalamu. Alisema anayasoma kwanza.