Eti swichi ya breki "inatoa jasho"!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Yule fundi wa magari ya Volkswagen Beetle mnamjua, mwenye ovaroli safi kuliko sare ya rubani. Swichi ya taa za breki inavuja, mafuta yanadondoka, yeye anasema "hiyo inatoa jasho tu." JASHO! Kwani imetoka kukimbia?

Ndani ya swichi mna kiwambo, kiutando kinachosukumwa na mafuta ya breki. Kikichoka, mafuta yanapenya hadi kwenye pini za waya. Dawa ni swichi mpya, basi. Yeye kapaka gundi! Mafuta ya breki yanamenya rangi ya bodi, sembuse gundi? Halafu jasho!

*Spana_Kumi:* Pole mkuu. Kama masta silinda (pampu ya breki, swichi inapofungwa) ni ya njia mbili, kagua swichi zote mbili. Moja ikifa nyingine inawasha taa, hushtuki. Nyuzi za skrubu ya swichi ni milimita 10 kwa 1 (kipenyo kwa hatua), zinapungua unene kuelekea nchani, zinajiziba zenyewe. Thredi tepu (utepe wa kuzibia nyuzi) marufuku, vipande vinaingia kwenye mfumo. Na usikaze kama nati ya gurudumu, utapasua masta silinda.

*Chuma_Chakavu:* Wakati anapaka gundi ulikuwa wapi? Ulimshikia kopo?

*Mleta uzi:* Nilikuwa nalipa. JASHO, wakuu!

*MamaKombi:* 😂😂 Swichi mpya iwe mkononi kabla hujafungua. Toa ya zamani, ziba tundu kwa kidole, ingiza mpya chapuchapu. Kabla ya kukaza, mtu akanyage pedali taratibu mpaka yatoke mafuta bila mapovu, kaza angali amekanyaga. Jazia mafuta ya breki ya DOT 4. Pedali ikiwa laini, toa upepo magurudumu yote manne.

*Volti6:* Mpya nazo hazidumu. Balbu mbili za wati 21 kwa volti 12 ni ampea 3.5 zinazounguza kontakti kila ukikanyaga. Funga rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo huo badala yake. Na mliojaza mafuta ya DOT 5 ya silikoni, swichi zenu zikifa msilie hapa.

*Chuma_Chakavu:* Hiyo rilei nayo akifunga yeye itatoa jasho.

*MamaKombi:* Mafuta yakigusa rangi, mwagia maji mengi papo hapo.

*Spana_Kumi:* Rangi? Msinikumbushe yule fundi rangi wa kijivu tatu kwenye mlango mmoja.

*Volti6:* Yule anayeita kutu "madoido"? Bado yupo?!

*Spana_Kumi:* Yupo, na bei kapandisha.