Binti yangu anapenda viumbe wa baharini: nichague kambi ipi likizo ya Juni?

MamaChumbageni:
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu binti yangu wa darasa la tano hapa Tanga, ambaye safari hii nisingependa amalize likizo yote mbele ya televisheni. Kila tukiteremka ufukweni Raskazone, baada ya muda hutoweka, nami humkuta amechuchumaa kando ya dimbwi lililoachwa na maji kupwa, akimvizia kaa mdogo aliyejificha ndani ya gamba la konokono. Jioni humchora kaa huyo daftarini na kuandika pembeni ana miguu mingapi. Akiwa katikati ya watoto wengi, hata hivyo, huwa mkimya sana.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam anasisitiza aende kambi ya mpira ili achangamke. Shule inaandaa kambi ya kitaaluma. Nimeona pia tangazo la kambi ya kutwa ya elimu ya bahari hapahapa mjini, inayoahidi kwamba watoto watawaona samaki waitwao silikanti wakiogelea, na jingine la kambi ya sanaa Bagamoyo, ambako watoto hulala hukohuko. Baba yake anasema zote ni sawa mradi pawe na uangalizi. Ninyi mngepima kwa vigezo gani?

MzeeWaMwambani:
Mwanangu, hilo la silikanti lisikupite hivihivi. Ni kweli kwamba samaki huyo, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, yumo katika bahari yetu, na ndiye aliyesababisha hifadhi ya bahari kuanzishwa hapa Tanga mwaka 2009. Lakini hukaa kilindini, kwa kawaida kwenye kina kinachozidi mita 100, tena mchana hujificha mapangoni, kwa hiyo hakuna mtoto atakayemwona akiogelea. Ama aliyeandika tangazo haijui bahari, ama anaijua na anakudanganya.

Waulize pia wamepanga ratiba yao kwa kufuata nini. Kambi ya viumbe wa pwani inayoangukia wiki ya maji mafu, yanayokupwa kidogo tu, haina la kuonyesha, kwa sababu mwamba haufunuki vya kutosha. Wakati wa bamvu, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, maji ya huku kwetu hukupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi, na hapo ndipo mtoto anapoweza kutembea juu ya mwamba na kuona vitu. Kumbuka vilevile kwamba Juni ni msimu wa kusi, upepo unaochafua bahari. Kama ratiba imejaa safari za mashua, uliza jaketi okozi ziko ngapi na kama zipo za saizi ya watoto.

Jambo la mwisho ni viatu, na onyo juu ya wale konokono wenye gamba lenye umbo la pia. Wanapendeza sana machoni, lakini wana sumu na hawashikwi kwa mkono. Msimamizi asiyewajua hafai kumpeleka mtoto mwambani.

Mwalimu_Muheza:
Dada, naanza na kambi ya kitaaluma: darasa la tano halina mtihani wa taifa, hivyo sioni haraka ya kumrudisha ubaoni mwezi wa likizo. Kuhusu mpira, hoja ya shemeji yako ina uzito kidogo tu, kwa sababu mtoto mkimya hachangamki kwa kutupwa katikati ya kelele za watoto ambao tayari wanajua kucheza. Aghalabu huongea anapokuwa na wenzake wachache wanaohangaikia kitu kilekile anachokipenda. Ukitaka ajue mpira, mtaani upo mwaka mzima.

Ningeomba ratiba ya siku moja, saa kwa saa, kabla ya kulipa chochote. Kambi fulani ambayo sitaitaja ilijiita ya sayansi, na mpwa wangu alirudi akiwa ameangalia katuni kila alasiri. Uliza nani hasa atakuwa na watoto, kila msimamizi ana watoto wangapi, na zamu ya usiku ni ya nani ikiwa wanalala.

Na kama anapenda viumbe kwa jumla, si wa baharini pekee, fikiria Amani, hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, yenye vinyonga na vyura wa kutosha kujaza daftari lake. Sweta asisahau, Juni kule ni baridi na ukungu.

BabaWawili_Bagamoyo:
Mji wetu una TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, kwa hiyo walimu wa ngoma na uchoraji hawakosekani. Hata hivyo, kwa maelezo yako, binti huyo anachora ili amfahamu kaa vizuri zaidi, wala sidhani kama uchoraji wenyewe ndio unaomvuta. Ukimleta huku atafundishwa ngoma na maigizo ya jukwaani, mambo ambayo mtoto mkimya anaweza kuyapenda au kuyakimbia, na kama hajawahi kulala mbali na nyumbani, usiku wa kwanza utakuwa mgumu. Mwaka huu ningemwacha Tanga.

MamaChumbageni:
Nawashukuru nyote. Nimewapigia wale wa kambi ya bahari; mratibu amekiri kwamba silikanti atakayeonyeshwa ni aliyekufa na kuhifadhiwa, na ameahidi kunitumia ratiba. Tarehe bado wanaweza kuzisogeza. Mzee, niwaombe wiki ipi?

MzeeWaMwambani:
Tazama mwezi. Bamvu hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Waanzie hapo, na siku za mwambani ziwe zile za mwanzo, kwa maana kufikia mwisho wa wiki maji yatakuwa yameanza kufa.