Raleigh ya babu: kikombe kipya cha krenki kinagoma kuingia

Mjukuu_Bukoba
Wakuu, naombeni msaada. Nina baiskeli ya Raleigh ya babu, ile ya breki za fimbo, aliyobebea ndizi mpaka miguu ikamkatalia. Krenki, pale pedeli zinapozungukia, ilikuwa inacheza na kusaga. Nimefungua: kikombe cha kushoto, kile zinamokaa gololi, kimelika, gololi mbili zimepasuka. Nimenunua seti mpya, nikaambiwa inaingia baiskeli zote nyeusi. Kikombe kinaingia raundi mbili kwa mkono, ya tatu kinagoma. Fundi anataka kuongeza bomba kwenye spana, nimemzuia. Sitaki fremu hii ifie mikononi mwangu.

Spana_Mwanza
Umefanya vema sana. Ukilazimisha, unachonga nyuzi (mikato ya skrubu) mpya juu ya zile za zamani, na chuma pale hakina nyama.
Raleigh nyingi za zamani zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zina nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi. Vikombe vingi vya madukani ni 24. Kipenyo karibu ni kilekile, kama mm 35, ndiyo maana raundi za kwanza zinakuhadaa.
Chukua kikombe cha zamani cha kushoto na hicho kipya, vilaze ubavu kwa ubavu dirishani, nyuzi ziumane. Zikikaa mpaka mwisho bila mwanga kupenya, ni ndugu. Zikipandana, rudisha dukani. Halafu pima kwa venia (kile kipimo cha taya cha milimita) kutoka ncha ya uzi wa kwanza hadi ya uzi wa kumi na moja: mm 10.6 ni nyuzi 24, mm 9.8 ni 26. Pima pia upana wa bomba la krenki, lile la fremu inamopita ekseli, ila kwangua rangi na kutu kwanza.

Mjukuu_Bukoba
Nimepima mara tatu. Cha babu 9.8, kipya 10.6! Bomba ni mm 71. Je, nikipata kikombe, ekseli ya kwenye seti itafaa?

Spana_Mwanza
Hapana mkuu. Seti hizo kwa kawaida ni za bomba la mm 68. Urefu wote wa ekseli usikudanganye, pima kati ya yale mabega mawili zinapokimbilia gololi. Ikiwa fupi, utakizamisha kikombe cha kushoto mpaka ringi ya kukazia ikose pa kushika. Kama mabega ya ekseli ya babu hayana vishimo, irudishe hiyohiyo.

Mamba_Busia
Na kile cha upande wa cheni usikiguse kama uso wake ni laini. Ukilazimika, nyuzi zake ni za kinyume: kufungua ni kuzungusha kama mishale ya saa. Nimeona watu wakikikaza nusu siku wakidhani wanafungua. Gololi ni za robo inchi, 11 kila upande, grisi bila uchoyo. Kikombe tafuta kwa wauza chuma chakavu, kwenye fremu zilizokunjika.

Mjukuu_Bukoba
Nimepitisha kidole ndani, cha cheni ni laini kabisa. Ekseli nayo ni nzima. Jumamosi naingia kwenye chakavu, kikombe cha babu mfukoni, nijaribishe nyuzi palepale kabla ya kulipa.