Kipande cha babu: alama 17, halafu kimya

Mjukuu wa Songea
Wakuu, heshima kwenu, na shikamoo kwa wakubwa. Babu mzaa baba alitoka Peramiho akaenda Tanga kwa mkataba wa mkonge, kama vijana wengi wa kwetu enzi zile. Aliondoka 1949, akarudi 1957, akamwoa bibi mwaka uliofuata. Ya huko hakusimulia mpaka anaingia kaburini. Ukimuuliza, anacheka: "Nilikuwa namba."

Juzi tumefungua sanduku lake la bati. Tumekuta rozari, kisu chenye kutu, na kadi ya kazi, ile waliyoiita kipande. Ina namba, jina moja tu, Kosmas, na viboksi 30. Kumi na saba vimetiwa alama ya penseli, vilivyobaki ni vitupu. Jina la shamba mchwa wamelila.

Nianzie wapi? Mwenye haraka hasa ni bibi, ana miaka 88 na swali moja tu: kule alikuwa na mke?

Mtoto wa Kambini
Marahaba. Nimezaliwa kambini Muheza, baba yangu alikuwa karani wa shamba, kutia alama hizo ndiyo kazi iliyotulisha. Kipande ni siku 30 za kazi, si mwezi. Hukumaliza ngwe, hupati alama. Na mshahara hutoka kipande kikijaa. Sasa nani anaacha jasho la siku 17 bure? Babu yako ama aliugua ama alitoroka usiku. Kadi hiyo ni habari ya kuondoka kwake.

Namba nayo ni ya shamba lile lile, ndiyo maana waliitwa manamba. Ukihamia kwingine unapewa nyingine. Haitakufikisha mbali.

Mpekuzi
Mkuu, usikimbilie Nyaraka za Taifa pale Upanga kutafuta jina. Nilishinda siku tatu kwenye mafaili ya kazi, nikala vumbi tu. Vibarua wamo kwa hesabu: walioletwa kadhaa, waliotoroka kadhaa. Hata SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanza 1944 kukusanya watu bara, ilitaka mikono, si koo zao.

Nenda alikobatizwa. Ndoa ya Kanisa ikifungwa parokia nyingine, taarifa hurudishwa, inaandikwa pembeni ya jina lake kwenye kitabu cha ubatizo. Halafu mtafute kwenye C. Mapadre waliandika Kilatini: Cosmas.

Mjukuu wa Songea
Nimerudi, wakuu. Kwenye K nisingempata hadi leo! Cosmas, kabatizwa 1927, majina ya wazazi yapo, na la mama yake hakuna nyumbani aliyekuwa analijua. Nimelinakili mara mbili, mkono unatetemeka. Pembeni, kwa wino wa bluu: kipaimara, kisha ndoa, 1958, jina la bibi. Basi.

Nikampigia bibi nikamsomea. Akaniambia nirudie pale pa pembeni.

Mtoto wa Kambini
Mfikishie shikamoo yangu. Ila ndoa za kambini, mjukuu wangu, hazikuwa zikifika kwa padre. Hilo usimsomee.

Mjukuu wa Songea
Mzee, ameshalisema mwenyewe kabla sijakata simu.