Binti yangu anataka kuwa mtaalamu wa lishe hospitalini

Swali: Habari zenu, ndugu. Binti yangu amemaliza kidato cha nne hapa Kenya, anapenda baiolojia na kemia, na tangu nyanya yake augue kisukari amekuwa akitamani kusomea lishe ya wagonjwa. Je, kazi hiyo ni tofauti na ya afisa lishe wa jamii?

Jibu la 1: Ni tofauti, ingawa masomo ya mwanzo hukaribiana. Wa jamii hushughulikia zaidi ukuaji wa watoto na lishe ya kina mama. Wa wodini huketi kando ya kitanda cha mgonjwa wa figo na kumweleza kwa nini viazi vimenywe, vikatwekatwe, vichemshwe kwa maji mengi na maji hayo yamwagwe, ili potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyaondoa mwilini, ipungue. Kazi hii inadai subira kuliko wengi wanavyodhani.

Jibu la 2: Mzazi mwenzangu, kabla ya kulipa karo hakikisha kozi hiyo inatambuliwa na KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe wa Kenya iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kwani bila usajili na leseni hataruhusiwa kufanya kazi hiyo. Mimi sikuuliza mapema, nikapoteza mwaka mzima.